Mwenye Chombo Si Mwenye Maji

Katika mijadala yetu kuhusu mali ya umma tumezoea kugawa vitu katika mafungu mawili: cha mtu binafsi na cha serikali. Mgawanyo huo hurahisisha hotuba, lakini hautoshi kueleza maisha yalivyo. Kuna mali ambayo mtu huinunua kwa jasho lake, akaitunza kama mboni ya jicho, na bado uhai wake ukategemea kitu asichokimiliki wala asichoweza kukikarabati peke yake. Mfano ulio wazi zaidi ninaoufahamu ni ule wa boti nyembamba zinazopita katika mifereji ya Uingereza na Wales. Naueleza hapa kwa urefu kidogo kwa sababu nyuma ya boti hizo kuna swali ambalo mwanafunzi wa siasa, mwanaharakati na mtumishi wa umma hawana budi kulijibu: serikali inapokabidhi kazi ya kutunza mali ya wote, je, inaweza kukabidhi na wajibu wake?

Tuanze na mfereji wenyewe. Mwaka 1761 ulifunguliwa mfereji wa Bridgewater, uliojengwa ili kusafirisha makaa ya mawe kutoka Worsley, kwenye migodi ya bwanyenye aliyeitwa Duke wa Bridgewater, hadi mjini Manchester. Farasi mmoja aliweza kuvuta majini mzigo ambao barabarani ungehitaji msururu wa mikokoteni, na bei ya makaa mjini humo ikashuka kwa takribani nusu. Matajiri wengine waliiona faida, Bunge likapitisha sheria moja baada ya nyingine, na baada ya miongo michache mifereji ikawa imeunganisha migodi, viwanda na bandari.

Ili kuvusha vyombo vilimani, mhandisi James Brindley na wenzake walijenga malango ya maji. Lango la maji ni chumba cha mawe au matofali chenye milango mizito mbele na nyuma. Hujazwa maji ili kukiinua chombo, au humwagwa maji ili kukishusha. Kwa ajili ya kuokoa fedha na maji, malango mengi ya katikati ya nchi yalipewa upana wa takribani mita 2.1 tu. Kipimo hicho cha karne ya 18 ndicho kinachoamua hadi leo umbo la boti nyembamba: upana wa mita mbili na ushei, na urefu usiozidi mita 22.

Ndani ya vyombo hivyo waliishi watu. Katika karne ya 19 reli zilipoanza kuinyang'anya mifereji mizigo, malipo ya kubeba shehena yalishuka, na manahodha wengi wakaacha nyumba za kupanga nchi kavu, wakahamishia mke na watoto chomboni. Familia nzima ililala katika kijumba cha tezini chenye urefu wa mita tatu hivi, huku mama na watoto wakifanya kazi bila ujira. Hali hiyo ilimsukuma mwanaharakati aliyejulikana kama George Smith wa Coalville kuendesha kampeni iliyozaa sheria za mwaka 1877 na 1884. Sheria hizo ziliagiza boti za mifereji ziandikishwe kama makazi, idadi ya wanaolala ndani iwekewe kikomo, na elimu ya watoto ifuatiliwe. Maana yake ni kwamba zaidi ya karne moja iliyopita dola lilikwisha kutambua kuwa chombo kinaweza kuwa nyumba ya mtu. Jambo hilo tutalirudia.

Kuchakaa kwa mifereji hakukuja kwa kudra. Kampuni za reli ziliinunua baadhi yake, kama Great Western ilivyoununua mfereji wa Kennet and Avon mwaka 1852, kisha zikaiacha ikafifia kwa kuwa hazikuwa na sababu ya kumlisha mshindani wao. Mwaka 1948 serikali ya chama cha Labour ilitaifisha sehemu kubwa ya mifereji pamoja na reli. Hata hivyo, kubadilisha jina la mmiliki si sawa na kutenga fedha za matengenezo. Baridi ya mwaka 1962 kuingia 1963 iligandisha maji kwa majuma mengi, na biashara ya mizigo kwa boti nyembamba ikapata pigo ambalo haikuweza kuinuka tena. Sheria ya uchukuzi ya mwaka 1968 ikagawa njia za maji katika mafungu matatu: za biashara, za matembezi, na zile zilizobaki. Hizo zilizobaki zilitakiwa kushughulikiwa kwa gharama ndogo kadiri iwezekanavyo, mradi zisihatarishe maisha ya watu.

Waliozuia mifereji mingi isifukiwe ni wananchi. L. T. C. Rolt, mhandisi aliyekuwa akiishi ndani ya boti, alichapisha mwaka 1944 kitabu kiitwacho Narrow Boat, na miaka miwili baadaye yeye na Robert Aickman walikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha kutetea njia za maji za ndani. Watu wa kujitolea waliingia matopeni na makoleo. Sehemu ya kusini ya mfereji wa Stratford ilifunguliwa upya mwaka 1964 kwa jasho lao, wakisaidiwa na wafungwa. Kennet and Avon ulifunguliwa tena mwaka 1990 baada ya harakati za miongo kadhaa. Ni historia ya kutia moyo, lakini isitumiwe vibaya. Wale watu walifukua mifereji huku wakiibana serikali itimize sehemu yake. Hawakufukua ili serikali ipate udhuru wa kukaa pembeni.

Sasa tumtazame mwenye boti wa leo. Boti nyingi za sasa zimeundwa kwa mabamba ya chuma yaliyochomelewa: kwa kawaida milimita 10 chini, 6 ubavuni na 4 darini. Adui wake mkubwa ni kutu. Kila baada ya miaka miwili au mitatu boti hupandishwa nchi kavu, huoshwa kwa maji ya shinikizo, kisha hupakwa lami kuanzia kitakoni hadi juu ya usawa wa maji. Mafundi wetu wa Pwani, wanaopaka deheni majahazi yaliyopwelewa mchangani, wangeitambua kazi hiyo mara moja. Kwenye chuma hicho huchomelewa pia vipande vya magnesiamu, ili kutu ivile vipande hivyo kabla ya kulila bamba lenyewe. Kila miaka minne mkaguzi hupima mfumo wa gesi, mafuta na umeme, na bila cheti chake hakuna leseni. Ongeza bima, ada ya leseni na, kwa mwenye kuegesha mahali pa kudumu, kodi ya gati.

Hayo ni ya miaka. Ya kila siku nayo yapo. Ngama ikaguliwe kama imeingiza maji. Mahali mhimili wa rafadha unapotokea nje pasindiliwe grisi. Majani na mifuko ya plastiki iliyojisokota kwenye rafadha itolewe kwa mkono, maji yakiwa na ubaridi wa kukata vidole. Betri zichajiwe, tangi la maji lijazwe, choo kikamwagwe mahali palipowekwa, na jiko la kuni au makaa liwashwe asubuhi kabla ya mtoto kuamka. Anayedhani kwamba watu hukimbilia mifereji ili kuishi bure hajawahi kuiona orodha hii.

Wasio na uwezo au haja ya kununua hukodi kwa juma moja au mawili. Sheria haimdai mkodishwaji leseni ya unahodha. Huonyeshwa namna ya kuwasha injini, kushika usukani na kufungua lango la maji, kisha huachiwa chombo chenye urefu wa nyumba, ambacho hakiruhusiwi kwenda zaidi ya takribani kilomita 6 kwa saa. Wapo pia wanaochangia boti moja, kila mmoja na majuma yake katika mwaka, na gharama za matengenezo zikagawanywa. Utaratibu huu wa kukodi na kuchangia umeifanya mifereji kuwa ajira ya mafundi, wenye maduka na wenye migahawa katika vijiji vingi. Lakini utazame udhaifu wake: lango moja likiharibika, safari nzima ya mzunguko imekatika, na mwenye kampuni hana ruhusa wala uwezo wa kulitengeneza.

Hapo ndipo kiini cha hoja yangu kilipo. Mwenye boti humiliki bamba la chuma na vilivyomo ndani yake. Hamiliki maji, ukingo, lango wala bwawa. Kila chombo kinapopita katika lango jembamba, zaidi ya lita 100,000 za maji hushuka kutoka sehemu ya juu kwenda ya chini, na lazima zirudishiwe. Hurudishiwa kutoka katika mabwawa ya vilimani, ambayo mengi yana umri wa karibu karne mbili. Mvua ikikosekana na mabwawa yakipungua, hakuna ustadi wa fundi utakaosaidia. Katika kiangazi cha mwaka 2025 mifereji kadhaa, ukiwamo sehemu kubwa ya ule wa Leeds na Liverpool, ilifungwa kwa upungufu wa maji. Boti zilizokuwa zimepakwa lami vizuri zilikwama pamoja na zile zilizopuuzwa.

Bwawa likizidiwa nalo, hatari huwavuka wenye boti. Tarehe 1 Agosti 2019, baada ya mvua kubwa, sehemu ya njia ya kumwagia maji ya bwawa la Toddbrook, linalolisha mfereji wa Peak Forest, ilibomoka juu ya mji wa Whaley Bridge. Watu wapatao 1,500 walihamishwa, na helikopta za jeshi zikadondosha mawe kuziba pengo. Uchunguzi huru uliofuata ulisema chanzo kilikuwa usanifu mbovu wa njia hiyo ya maji, ukichochewa na matengenezo yaliyofanywa kwa kusuasua kwa miaka mingi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Whaley Bridge nusura iwe mahali ambapo hata wa kuujenga ukuta wangetafutwa.

Bwawa hilo lilikuwa mikononi mwa nani? Mwaka 2012 serikali ilivunja shirika la umma lililosimamia mifereji ya Uingereza na Wales, ikakabidhi takribani kilomita 3,200 za njia za maji kwa taasisi ya hisani iitwayo Canal & River Trust. Mifereji ya Uskoti ilibaki chini ya shirika la umma. Taasisi hiyo mpya ilipewa majengo na ardhi za kuiletea kipato, pamoja na ahadi ya ruzuku ya miaka 15 hadi 2027. Nia haikuwa mbaya: wananchi washirikishwe, wahisani wachangie, watu wa kujitolea wapate nafasi. Lakini Julai 2023 serikali ilitangaza kwamba kwa miaka kumi kuanzia 2027 itatoa pauni milioni 401, kiwango kikishuka kila mwaka. Kwa hesabu ya taasisi yenyewe, mfumuko wa bei ukizingatiwa, hilo ni punguzo la zaidi ya pauni milioni 300.

Fedha zinapopungua juu, mkono hunyooshwa chini. Kuanzia Aprili 2024 wenye boti wasio na gati la kudumu walitozwa nyongeza juu ya leseni, nyongeza inayopanda hatua kwa hatua hadi kufikia asilimia 25 mwaka 2028. Hawa ndio wanaoishi chini ya sheria ya mwaka 1995 inayowaruhusu kukaa bila gati, mradi chombo kitumike kwa safari ya kweli na kisikae mahali pamoja zaidi ya siku 14, isipokuwa pakiwa na sababu ya msingi. Miongoni mwao wamo wastaafu waliouza nyumba ili wazunguke nchi. Wamo pia vijana walioshindwa kodi za London, na wazazi wanaopanga kila safari ili watoto wasikose shule. Hawana anwani ya kudumu, na kwa hiyo kujiandikisha kwa daktari, kupokea barua na hata kupiga kura huhitaji maelezo ya ziada. Mwenye nyumba nchi kavu akishindwa kulipa ana mlolongo wa sheria za kumkinga. Mwenye boti akipoteza leseni, kinachokamatwa kama chombo kisichoruhusiwa ni chumba anacholala. Bunge la mwaka 1877 lililitambua jambo ambalo hesabu za leo zinalisahau.

Nazijua hoja za upande wa pili, na nyingine zina uzito. Ya kwanza huuliza kwa nini mlipakodi ambaye hajawahi kukanyaga boti agharimie starehe ya mwingine. Jibu ni kwamba mfereji haubebi boti tu. Mfereji wa Gloucester na Sharpness hupeleka maji yanayosafishwa kwa ajili ya wakazi wa Bristol. Ule wa Llangollen huchukua maji ya mto Dee hadi bwawa la Hurleston, ambako huwa sehemu ya maji ya kunywa ya eneo la Cheshire. Mifereji hupokea pia maji ya mvua kutoka mijini, na njia za kandoni mwake hutumiwa bila malipo na waenda kwa miguu na waendesha baiskeli ambao ni wengi mno kuliko wenye boti. Na wakazi wa Whaley Bridge walihitaji bwawa imara, wawe na boti au wasiwe nazo.

Hoja ya pili ni kwamba asiye na gati husafiri zaidi, hutumia mabomba na malango zaidi, na hivyo ni haki alipe zaidi. Kama tunazungumzia huduma ya kibiashara, hoja hiyo ina mantiki. Lakini ada hupimwa kwa ukubwa wa boti na namna ya kuegesha, wala haitazami kipato cha anayelala ndani. Isitoshe, hata kama kila mwenye boti angelipa maradufu, leseni haziwezi kubeba mzigo wa mabwawa, madaraja na kingo zilizojengwa ili kuhudumia uchumi wa taifa zima. Kumtoza mnyonge zaidi hakuzibi pengo. Kunalihamisha tu, litoke kwenye bajeti ya wizara liingie kwenye bajeti ya kaya.

Hoja ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi: kwamba taasisi ya hisani iko karibu na watu kuliko wizara. Huenda ni kweli, na wafanyakazi wake pamoja na maelfu ya wanaojitolea wanastahili heshima. Ila taasisi haina mamlaka ya kutoza kodi. Haiwezi kufidia kwa harambee kile ambacho dola limeacha kutoa. Ikibanwa, njia zake ni tatu: kupandisha ada, kuuza mali, au kuahirisha matengenezo. Njia hii ya tatu ndiyo yenye ushawishi mkubwa, kwa kuwa lango lisilokarabatiwa mwaka huu aghalabu hufunguka na mwaka ujao, na hakuna gazeti linaloandika kuhusu ufa ambao bado haujapasuka.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatakosa kuona sura anayoifahamu. Mara ngapi tumeshuhudia kisima kikizinduliwa kijijini, utepe ukakatwa, mradi ukakabidhiwa kwa jamii, kisha kamati ikaachwa na pampu isiyo na kipuri? Tanzania ilipounda wakala wa maji vijijini, RUWASA, kwa sheria ya mwaka 2019, ilikuwa inakiri kwamba vyombo vya watumia maji haviwezi kusimama bila mkono wa dola nyuma yao. Kuishirikisha jamii ni jambo jema, na hatuna sababu ya kulipinga. Tunachopaswa kukataa ni ushirikishwaji unaotumika kama mlango wa serikali kutokea.

Kwa hiyo natoa mapendekezo kwa wale ambao siku moja watakaa mezani kuandika au kupinga mikataba ya namna hii, wawe Westminster au Dodoma. Ruzuku ya kutunza miundombinu ya umma iende sambamba na kupanda kwa bei na na hali halisi ya miundombinu hiyo, isipangwe kwa hisia za waziri wa kipindi fulani. Taarifa za ukaguzi wa mabwawa, malango na madaraja ziwekwe hadharani kwa lugha ambayo mkazi wa chini ya bwawa anaielewa. Kabla ada haijapandishwa, ipimwe athari yake kwa wale ambao chombo ndiyo nyumba yao, na sheria iwape kinga inayolingana na hali hiyo.

Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara siasa za matengenezo zinavutia nini, ikilinganishwa na uchaguzi au katiba. Nawaambia wasome bajeti, watafute fungu la ukarabati, walilinganishe na fungu la ujenzi mpya, kisha waulize ni nani atakayelipa tofauti. Katika mifereji ya Uingereza na Wales jibu limeanza kuonekana, na limeandikwa kwenye ankara ya leseni ya mtu anayelala juu ya maji asiyoyamiliki.